Salama ya Kwanza Siipokei

Siku ile tulikuwa watatu jikoni kwangu, kijijini Gitting: mimi, mwanangu wa kwanza ambaye ni mwalimu mstaafu, na binti yake, mjukuu wangu anayeandika programu za kompyuta. Majina ninayo yote, hata ya ng'ombe waliokuwa zizini, lakini siyaandiki.

Mjukuu alikuja na kompyuta yake na uso wa msiba. Alikuwa ametengeneza maktaba. Si ya vitabu, ni fungu la programu ambalo waandishi wenzake huchukua kujengea za kwao. Jioni ile wenzake wangeamua kwa simu, waipokee au waitupe. Na ilikuwa na ugonjwa. Inatuma kazi ndogo nyingi kwa pamoja, yeye anaziita korutini. Moja ikianguka katikati, maktaba inatangaza kwamba yote yamekamilika.

"Achana nayo," baba yake akasema. "Nimeshakwambia, nafasi ya ualimu ipo."

"Nieleze mimi," nikasema.

"Mama, wewe uliishia darasa la tatu."

"Na wewe uliyemaliza yote umemsaidia nini? Kunywa uji."

Mjukuu akacheka, akanieleza. Kila kazi ikipata kosa, ameifundisha ilidake kosa hilo palepale, ijibu kana kwamba mambo ni mazuri, isimsumbue aliyeituma.

Hapo nikakumbuka. Nilipoolewa, mifugo yetu na ya majirani ililishwa kwa zamu. Jioni moja nilimuuliza shemeji yangu aliyekuwa zamu, "Habari za huko?" Akajibu, "Salama, shemeji." Nikafunga zizi. Kwetu hata mwenye msiba huanza na salama, ndiyo adabu. "Ila" hufuata nyuma. Mimi sikuingoja. Kondoo wawili walikuwa wamebaki korongoni, fisi akawala. Mama mkwe alinisema mwaka mzima! Tangu hapo sifungi zizi mpaka kila niliyemtuma amerudi na ametoa ila yake.

"Kazi zako zina adabu mno," nikamwambia mjukuu. "Zinasema salama, nawe unafunga."

Akageukia kompyuta yake. Halafu: "Bibi, kumbe kosa nisilidake palepale."

Akaanza kufuta. Kosa akaliacha lipande mpaka kwa aliyeituma kazi, na huyo asitangaze mwisho kabla kazi zote hazijarudi.

"Na mmoja akipotelewa," nikauliza, "wengine nao wanaitwa warudi?"

"Anayewatuma ndiye achague, Bibi."

"Hapo sawa."

Jioni wenzake wakaipokea. Ualimu haukutajwa tena. Sasa mwanangu anawaambia watu kanisani kwamba tulitatua sisi watatu. Hapana. Yeye alikunywa uji.

Kama kuna nilipokosea, wewe uliyewahi kuchunga zamu zile, au unayeijua kazi ya mjukuu wangu, nisahihishe. Usiniambie salama ukaondoka. Zizi bado sijalifunga, nangoja ila yako.