Somo la Kunawa Mikono

Katika mambo yote yaliyotupungukia hapa Likoni, wageni waliotoka ng'ambo kutusaidia walichagua kutufundisha kunawa mikono. Ilikuwa safari yao ya kwanza ya msaada, na kiongozi wao, msichana wa chuo, alinifanya mkalimani wake. Nikasimama mbele ya watoto wa madrasa, watu wanaotawadha kutwa mara tano, nikiwaeleza kuwa maji hupitishwa hata baina ya vidole. Maji yenyewe tuliyanunua sisi kwa mwenye mkokoteni, maana mfereji ulikuwa mkavu na wao walikuja na sabuni na mabango tu.

Baada ya somo shangazi yangu akawapakulia pilau. Kabla ya kula akapita na birika na beseni akitunawisha mmoja mmoja, kama afanyavyo tangu nimjue. Zamu yake ilipofika, yule msichana akaruka na simu yake, akampiga picha, kisha akaniambia amefurahi kuona tumelishika somo upesi hivyo.

Shangazi akaniuliza mgeni asemaje. Nikamwambia anasifu pilau.

Akamsogezea sinia. Msichana akaweka simu chini, akatia mkono kwenye pilau bila kunawa.