Kiwanja Juu ya Marudio

Watoto wakija mazoezini nilikuwa nawakagua nyusi kabla sijawakagua viatu. Nyarugusu kuna karasha karibu kila mtaa, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi lake ni jeupe. Linakaa kwenye nyusi na kope hata baada ya mtu kunawa uso. Mtoto mwenye nyusi nyeupe alikuwa ametoka kubeba mawe, na huyo nilimrudisha nyumbani bila kutaka maelezo. Wazazi walisema nina roho mbaya, mwanamke gani asiye na huruma. Niliwajibu kwamba huruma yangu ndiyo hiyo. Nina mdomo, najua. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mdomo huu utaninyima mume, na katika hilo hakukosea sana.

Mimi si mtu wa Geita. Nimezaliwa Songwa, upande wa Kishapu, karibu na mgodi mkubwa wa almasi, na mpira nilijifunza na kaka zangu kwenye vumbi la huko. Nilichezea timu ya wanawake mpaka goti likakataa. Nikasomea ukocha, nikakaa nyumbani na cheti changu, hadi klabu moja ya Geita mjini iliponiita.

Klabu hiyo ilikuwa na kawaida yake. Kila msimu ilishusha wachezaji kutoka Dar es Salaam na nchi za jirani, wakapokelewa kwa shangwe, wakapigwa picha na skafu shingoni. Mshahara ukichelewa, unaamka asubuhi unakuta wameshapanda basi. Mwishowe viongozi walichoka, wakasema sasa tunataka vijana wa hapa hapa, waliokunywa maji ya hapa, tuwalee wenyewe mpaka wavae jezi ya timu kubwa. Wazo zuri kabisa. Wakanipa mipira, koni na wilaya nzima. Kiwanja hawakunipa.

Nikaanzia Nyarugusu. Siku ya kuchagua watoto nilikaa kwenye kona ya uwanja wa shule ya msingi. Baba mmoja aliniletea mwanawe, akaniapia kwamba ana miaka kumi na minne. Nilimtazama huyo mwanawe, ndevu zake zilikuwa zimeshanyolewa mara nyingi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, tena kwa sauti nzito, ndipo akagutuka. Watu walicheka, baba akaondoka amenuna, na tangu siku ile hakuna aliyejaribu tena kunidanganya umri.

Kati ya waliobaki alikuwamo mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, anayetumia mguu wa kushoto. Nimeona watoto wengi wenye mbio na wengi wenye mashuti. Huyu alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi: alijua mwenzake yuko wapi kabla ya kuinua kichwa. Sikumsifia. Nilimwambia afunge kamba za viatu.

Wiki chache baadaye mama yake alikuja kunitazama. Alikuwa mjane wa Kisukuma, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mtulivu, mwenye mikono iliyozoea jembe. Alisimama pembeni mpaka mazoezi yakaisha.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma, ajue mimi ni mtoto wa nyumbani.

"Mwadila. Kumbe ni wewe unayekaa na watoto wa watu mpaka jioni?"

Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama mwanawe ana kitu, au ninampotezea muda tu. Nikamwambia ana kitu. Ndipo akanieleza habari za mumewe, kwa maneno machache kama mtu anayetaja ugonjwa aliopona. Mumewe alikuwa mchimbaji. Matimba, zile nguzo za miti zinazozuia udongo wa shimo, yaliachia siku moja mchana, na duara, yaani hilo shimo la kuchimbia, likamfunika yeye na mwenzake. Walifukuliwa na kuzikwa. Yeye akabaki na mtoto mmoja, huyo huyo.

"Nina eneo kule bondeni, karibu na kijito," alisema. "Kulima halifai, maji yanasimama. Lichukue ufanye kiwanja. Mimi shida yangu ni moja. Huyu asiingie duarani."

Nilikubali. Nilidhani tunakubaliana jambo moja.

Lile eneo lilikuwa mbuga, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Lilihitaji kujazwa. Sehemu nyingine mtu akitaka kuinua kiwanja anatafuta kifusi cha ujenzi au moramu. Kwetu, mchanga ulio karibu na usiotakiwa na mtu ni marudio, yaani mchanga unaobaki mwaloni, pale pa kuoshea, baada ya mawe kusagwa, kuoshwa na dhahabu kutolewa. Nyuma ya nyumba ya yule mama kulikuwa na lundo la marudio lenye urefu wa paa. Mumewe alikuwa akiosha pale pale nyumbani, na lundo lilikaa tangu alipokufa, mbuzi wanapanda na kushuka.

"Chukueni," mama alisema. "Linanizibia upepo."

Tulilibeba kwa viroba, kwa ndoo, na kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Watoto waliwahi mapema bila kuitwa. Muuguzi mmoja wa zahanati alipita akatukemea, akasema mchanga wa mwaloni una zebaki, usiachwe wazi watoto waugaragarie. Nilimshukuru. Tukaenda kubomoa vichuguu, tukaloanisha ule udongo mwekundu, tukaumwaga juu tabaka nene, na watoto wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba ya kulala. Mvua ya kwanza ilipokuja maji yaliteremka yote kijitoni. Mama alitoka na mwavuli kutazama. Akasema angalau mchanga wa mume wake umepata kazi.

Miaka iliyofuata ndiyo niliyofanya kazi ya maana katika maisha yangu. Sioni haya kusema hivyo. Watoto walifika bila kujua kutuliza mpira, wakaondoka kwangu wakijua kusoma mchezo. Waislamu na Wakristo, watoto wa Wasukuma, Wazinza, Waha na watu waliokuja kutoka pande zote kufuata dhahabu, wote walikula uji mmoja aliopika yule mama kwenye sufuria kubwa, na wote walionja ulimi wangu. Klabu ilituma mahindi ilipokumbuka. Ilipokuwa haikumbuki, wazazi walileta viazi. Wapo waliotuponyoka, siwezi kudanganya. Walipobalehe walisikia jina la fulani aliyepata jiwe zuri, wakaenda machimbo ya Runzewe au kwingineko wasirudi. Kila aliyeondoka hivyo nililala vibaya. Lakini wengi walibaki, kwa sababu jioni walikuwa na pa kwenda.

Mtoto wa kushoto alikua. Akarefuka, akavunjika sauti, akawa nahodha. Mama yake hakukosa mechi ya nyumbani hata moja, na hakuwahi kushangilia. Alihesabu tu mwanawe anavyoanguka na kuinuka.

Ndipo marudio yakapata thamani. Walikuja watu na matangi ya kuchenjulia, wanaomwaga dawa kwenye mchanga wa zamani na kutoa dhahabu ambayo wazee wetu waliiacha, kwa kuwa kuosha kwa mikono hakumalizi yote. Lundo ambalo jana lilikuwa uchafu, leo lilikuwa na foleni ya wanunuzi. Watu waliobomoa vyoo vyao kutafuta mchanga waliojengea nilikuwa nikiwacheka. Halafu siku moja nilimkuta mfanyabiashara amechuchumaa kwenye kona yetu ya kupigia kona, ana kijiko na mfuko wa nailoni.

Alikuwa mtu mzima, kofia safi ya kufuma, Kiswahili chake cha pwani na adabu tele.

"Samahani sana, mwalimu. Nachukua sampo kidogo tu."

"Ya nini?"

"Nasikia chini ya huu udongo kuna marudio. Nataka kuyajua yana hali gani."

Nilimwambia yana hali ya kuchezewa mpira. Alicheka kwa heshima, akaondoka na mfuko wake. Baada ya siku kadhaa alirudi kwa yule mama, wakazungumza barazani, na nilijua majibu ya sampo yalikuwa mazuri kwa sababu alikuja na soda.

Mama alimkatalia. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema, "Mtoto wangu anachezea hapo," basi, akaendelea kuchambua mchele. Yule bwana alirudi mara nyingine, akajibiwa hivyo hivyo. Nilijawa na fahari ambayo siwezi kuieleza. Kwenye kikao cha klabu mjini nilisimama mbele ya wanaume wenye matumbo nikawaambia kwamba kuna mjane Nyarugusu amekataa dhahabu kwa ajili ya mpira wa vijana, na ninyi mnashindwa kutuma mahindi. Mahindi yalikuja wiki ile ile.

Mwaka jana, kabla ya msimu kuanza, klabu iliwaita vijana wangu mjini wakacheze na timu kubwa mechi ya mazoezi. Mtoto wa kushoto alikuwa na miaka kumi na saba. Kipindi cha pili alipokea mpira katikati, akiwa ameupa mgongo uwanja wote, akaupeleka winga ya kulia bila kutazama, na yule winga akajikuta peke yake na kipa. Kocha wa timu kubwa hakupiga makofi. Alinigeukia akaniuliza, "Huyu analala wapi?" Nikajua limekwisha. Walimpa chumba kwenye hosteli ya wachezaji na jezi yenye namba. Mimi nami nikaambiwa kuna nafasi ya kufundisha timu ya pili mjini, nifikirie.

Mama alichinja mbuzi. Mtoto alikuja kuniaga, akasimama mbele yangu akiwa mrefu kunishinda. Nilimwambia afunge kamba za viatu. Alipopanda gari la klabu nililia, na sikujificha.

Wiki iliyofuata niliteremka bondeni asubuhi kupanga koni za mazoezi ya wadogo, kwa kuwa ilikuwa likizo. Nilisikia injini kabla sijaona kitu. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa kando ya kiwanja chetu. Vijana wenye sururu walikuwa wameshabandua ule udongo mwekundu kuanzia goli la kaskazini hadi karibu na katikati, na chini yake marudio yalikuwa meupe na makavu. Yule bwana wa pwani aliniona akavua kofia. Sikumwitikia salamu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilikuwa na hasira za kutosha kumvunjia heshima mtu mzima, na nadhani aliliona hilo, kwa sababu alinisogezea kigoda kabla sijafungua mdomo. Nikakaa.

"Mama, kwa nini?"

"Amepona," alisema.

"Nani amepona?"

"Mwanangu. Duara halimpati tena. Nilikupa kiwanja akae juu ya ardhi, na amekaa. Umenifanyia kazi kubwa. Wabeja sana, nitakushukuru mpaka nife."

"Na hawa wengine?"

Aliokota kijiti akawa anachora chini.

"Mguu unavunjika, mwalimu. Wa kwako ulikataa, umeniambia mwenyewe. Wa kwake ukikataa, akarudi hapa akakuta nyumba hii ya udongo na mama mzee, atakwenda wapi? Atakwenda kule kule kwa baba yake. Najenga nyumba ya tofali, yenye vyumba vya kupangisha. Akirudi, akute pa kulala na cha kula."

Nilimwambia kwamba alimkatalia yule bwana mbele yangu, na mimi nimelisimulia jambo hilo kila mahali. Nilimwambia wako watoto wanaokaribia kuwa kama mwanawe, mmoja ni kipa, hata baba hana. Sauti yangu ilikuwa juu. Jirani alitoka kusikiliza.

"Mimi nilikuwa na mtoto mmoja," alisema taratibu. "Mwenye watoto wengi ni wewe."

Nilichukia maneno yale. Nilimchukia na yeye, kwa muda ule, chuki kabisa. Nilijua pia kwamba hajanidanganya hata neno moja tangu tulipoonana. Mchanga ulikuwa wa mumewe, eneo lake, mtoto wake, na shida yake aliitaja siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha mpira huyo mtoto, mpira mzuri kuliko wote niliopata kuufundisha, na kwa kuufundisha vizuri hivyo nilikuwa nimemaliza sababu ya kiwanja kuwepo.

Tulikaa pale. Kule bondeni watoto walikuwa wanaanza kufika. Walijipanga kwenye ukingo wa sehemu iliyobaki, viatu vimening'inia shingoni, wakitazama lori likijazwa. Hakuna aliyeondoka. Kipa wangu alikuwa amekaa chini na glavu zake amezivaa tayari.

Mama alisimama, akajifuta mikono kwa kanga. Hasira zangu hazikuwa zimemkera hata kidogo.

"Nasikia wamekupa kazi mjini," alisema. "Nenda, mwanangu. Ukae naye karibu, unisaidie kumwangalia."

"Hapana, mama. Mimi nabaki. Watoto wangu wako hapa."

Aligeuka akatazama bondeni, kwenye lile shimo jeupe linalopanuka na wale watoto waliojipanga ukingoni. Alipoongea hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Hapa wapi?"