A ya Babangu

Herufi za mbao zilizokuwa katika duka la chapa, uchochoroni nyuma ya Ndia Kuu, zilitoka Ulaya, na aliyepanga idadi ya kila herufi hakutufikiria. E zilijaa tele. A zilikuwa haba, nasi Waswahili hatuwezi hata kukaribishana chakula bila A. Babangu, aliyekuwa mpangaji herufi hapo, akachonga za kuongezea kwa vipande vya mvule alivyopewa na maseremala wa milango. Herufi ya mbao huchongwa kinyume ili isomeke sawa karatasini. Ile A yake ya kwanza alisahau. Guu nene, ambalo hukaa kulia, likatokea kushoto. Akacheka, akaitumia hivyo hivyo hadi uzeeni.

Alipofariki nilibaki nyumbani peke yangu. Mamangu alikuwa ametangulia zamani, na ndugu sikujaliwa. Majirani walileta sahani hadi arubaini ikapita, kisha kila mtu akashika mambo yake. Nilichukia kupika. Hata sufuria ndogo kabisa ilikuwa kubwa kwangu.

Katikati ya miaka ya tisini mwenye duka, mzee wa Kihindi niliyemwita ami, alinunua kompyuta akaniajiri niiendeshe. Zile mbao akataka kuwauzia wenye maduka ya vinyago karibu na Ngome, watalii wakapambie kuta zao. Nilimwomba anipe muda nizichape karatasini na kupitisha karatasi hizo kwenye skana, nizigeuze herufi za kompyuta, tuendelee kuchapa mabango ya kizamani. Akakubali shingo upande.

Kompyuta ilitaka A moja tu, irudiwe kila mahali. Nilizitandaza mezani zote alizochonga babangu, nyingine imelala kidogo, nyingine imetanuka miguu, wala hapakuwa na mbili zilizolingana. Nikachukua ile aliyoikosea.

Ami akainamia kioo cha kompyuta. "Hini A yaenda kinyume, mwanangu."

Akabonyeza mara moja, guu nene likahamia kulia. Kosa la babangu likafutika papo hapo, nami nikaona nimefiwa upya.

"Irudishe, ami."

"Watu watatucheka."

"Wameisoma miaka yote hiyo. Nani aliyecheka?"

Alinitazama, akairudisha mwenyewe, kisha akaenda kutawadha.

Bango la kwanza lilikuwa la mechi ya mpira, likabandikwa ukutani Feri, kwenye kivuko. Nilikwenda kuliangalia watu wakitoka kazini. Kila A ilikuwa yake, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Watu walisoma saa ya mchezo wakaenda zao. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mkono wa babangu umebaki mjini, wala sikuwa na wa kumwambia. Mama mmoja akasimama kando yangu, akatazama bango. Nikafungua kinywa nimwambie ile ni kazi ya babangu.

"Feri ishaondoka?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.