Mwenye Kisima Anaoga

Nikiwa mtoto pale Mbotela, mfereji wa mtaa uliweza kukohoa upepo wiki nzima kabla ya kutema tone. Kwa hivyo tulichota kisimani, nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka bomba kuukuu la maji taka. Kukhu, nyanya yangu aliyetoka Bungoma na imani zake zote, alikuwa na amri moja: mvua kubwa ikinyesha, kisima kisiguswe mpaka maji yatulie.

"Mwenye kisima anaoga," alikuwa akisema, akimaanisha pepo aliyeishi humo. "Utakunywa uchafu wake?"

Mimi nilikuwa mdomo tu, mtoto wa mzaha. Asubuhi moja baada ya mvua, kina mama walisimama kisimani na mitungi yao, wakisitasita kwa ajili ya amri ya Kukhu. Mama Odhis, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa ameshageuka kwenda kutafuta maji ya mkokoteni. Hapo nikajifunga leso ya Kukhu, nikawa mwenye kisima: najisugua kwapa, napapasa nikitafuta sabuni, napiga yowe, "Woi! Fungeni mlango, niko uchi!"

Kicheko! Mama Odhis alishika mbavu. "Huyu mtoto ataniua, jameni!" Kisha akarudi, akachota.

Wiki haikuisha kabla Odhis, mwanawe na rafiki yangu, hajaanza kuhara. Kipindupindu. Alikauka tukimtazama. Hospitalini walisema mvua ilisomba uchafu wa lile bomba ukaingia kisimani.

Siku ya matanga, Mama Odhis aliniita mbele ya watu wote. Nilijua nimepatikana.

"Njoo, baba," akasema, akinishika mkono. "Ile ya mwenye kisima, hebu ifanye. Odhis alikuwa akiiga kila jioni."

Nikaifanya. Walicheka huku wakilia, na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza hata ile sehemu ya kutafuta sabuni.

Kukhu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia sufuria ya chai ya waombolezaji, maji yanatokota, naye anazidi kuchochea moto.

Kukhu hakujua bakteria ni mnyama gani. Alijua hatari ya mvua, akaipa jina ambalo mtoto angeogopa. Nami nikalifanya jina hilo kichekesho.

Siku hizi kuchekesha ndiyo kazi yangu. Lakini ukumbi unapolipuka kwa kicheko, macho yangu humtafuta mwanamke mmoja mwenye mtungi, aliyekuwa ameshageuka kwenda zake.