Kiti Kilichobaki Baada ya Kilio

Mwenye kukodisha viti vya kilio cha msiba huhesabu mara mbili, kwanza kwa macho, kisha kwa kiganja, akigusa kila kiti kama anayebariki watoto. Ndiyo maana Constance, aliyefiwa na mume katika mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, hakumwamini alipobisha asubuhi ya siku ya nne baada ya maziko akidai amesahau kimoja. Wakwe walikuwa wamekwisha kuondoka, hata wanakwaya walioapa kumtembelea kila siku. Huyu arudi kutafuta nini kwa mjane? Akamfukuza. Baadaye akakiona kiti chenyewe ubavuni mwa nyumba, kimepanguswa vizuri, kimewekwa kando ya mbabula, jiko la makaa anapopikia. Mtu hasahau kitu namna hiyo. Jumapili yule bwana akaja tena, kofia mkononi, sauti ya chini kama ya anayeungama, asikanyage ndani ya lango. Aliulizia kiti huku macho yakitafuta moshi wa jikoni.

"Papa, unahesabiaka mara mbili. Unasahau namna gani?"

Vidole vyake vikazunguka ukingo wa kofia. "Mama, kisha kilio bantu banaendaka. Mungu peke yake njo anabakiaka. Miye nakuyaka tu kuona kama ungali unamusemesha."

Tangu maziko, Constance hakuwa ametamka hata Baba Yetu. Alimkagua mtu huyo toka viatu hadi nywele, na bado hakumwamini.

"Kiti sijakiona," akasema, akisogea ili kitenge chake kikifiche. "Urudie dimanche yenye kuya, kama leo."