Thelma na Rivolva Iliyokataliwa

Nimeuza chambo na bunduki hapa Dorrick, Pennsylvania, tangu baba aniachie kaunta, na nimewaona watu wakichagua bastola. Wengi huchagua kwa macho, kama wanavyochagua gari. Wanaitazama ikimetameta, wanaishika mbele ya kioo, wanalipa, na mwezi ukiisha wanarudi kunilalamikia. "Irma, umeniuzia kitu kibovu." Thelma Hudak ndiye mteja pekee aliyewahi kuniomba kile kibovu.

Thelma alishona kola za mashati kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Mumewe Andy, mchimba makaa, alimfundisha kulenga shabaha Jumapili baada ya kanisa, akidhani ni mchezo wa msimu mmoja. Msimu mmoja ukawa maisha. Andy alipofariki, Thelma alibaki na bastola yake nzito, na kwa miaka mingi hakukosa nafasi kwenye timu ya klabu yetu, timu ya watu wanne wanaokwenda mashindano ya jimbo kila Juni. Tena alikuwa ndiye mpishi wa klabu. Alipiga shabaha asubuhi na mchana akatupikia tambi za kabichi, na hakuna aliyeona ajabu, nasi tulikula bila hata kuosha sahani.

Kisha kiganja chake cha kulia, kilichochoshwa na mashine za kushonea, kikafanyiwa upasuaji. Kwenye chakula cha jioni cha klabu, majira ya baridi, Thelma alikuwa akimmiminia kahawa Verlin, kaka wa marehemu Andy na nahodha wa timu, mkono ukamcheza na kahawa ikamwagikia Verlin kwenye suruali.

"Usijali, shemeji," Verlin alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mkono umestaafu tu! Mwaka huu wewe tupikie, kiti chako tumpe Royce."

Royce ni mkwe wa Verlin. Watu walicheka, na Thelma naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona alivyoificha mikono chini ya meza. Niliumia. Simpendi Verlin, na sitajifanya kwamba nampenda.

"Nahodha," Thelma alisema baadaye, watu walipokuwa wakivaa makoti, "kiti cha nne hakigawiwi kama keki. Kinapigiwa shabaha."

"Basi kipigie. Jumamosi ya pili ya Mei, wewe na Royce. Ila usije na kahawa."

Wiki iliyofuata Thelma aliingia dukani kwangu, akaiweka ile bastola nzito ya Andy juu ya kaunta.

"Hii inanipiga teke siku hizi," alisema. "Nataka rivolva ya mtutu mrefu, ya risasi ndogo, ya kifyatulio laini."

Nikamtolea nilizokuwa nazo. Aliipindua kila moja, akazungusha kile kipipa chenye matundu sita ya risasi, akakisikiliza kinavyogota, akafumba macho na kuvuta kifyatulio taratibu mpaka nikahisi kucha zangu zinaota. Hii mpini mnene. Ile inakwaruza. Nyingine aliirudisha bila neno, na fundi wangu aliyeitengeneza alikuwa amesimama palepale.

"Na ile kule nyuma?"

"Ile achana nayo, mama. Imerudishwa dukani mara mbili. Inapiga vizuri, vizuri, halafu ghafla inatupa risasi moja porini. Siuzi balaa kwa rafiki."

"Nipe niishike."

Aliishika, na nikamwona uso unabadilika. Ilikaa kiganjani mwake kama mpini wa kikaango chake mwenyewe.

Aliiazima. Akaenda nayo uwanjani, akaiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, na akapiga kila tundu peke yake, kila tundu na karatasi yake. Alirudi dukani na karatasi sita, akazitandaza juu ya chambo changu. Kwenye tano, risasi zilikuwa zimerundikana kitovuni. Kwenye ya sita zilitapakaa kama kuku waliofukuzwa.

"Tundu moja tu ndilo korofi," alisema. "Sasa niambie, Irma, kwenye mashindano tunapakia risasi ngapi kila zamu?"

"Tano."

"Na matundu ni?"

Nilimtazama, nikaanza kucheka, naye akacheka mpaka akashika kaunta. Kila mpiga shabaha wa rivolva huacha tundu moja tupu. Wale wawili walioturudishia baba na mimi hiyo bastola hawakuwahi kujiuliza waache lipi.

Kwa risasi, alijaribu aina zangu zote na kuzikataa karibu zote. Mwishowe akachagua zile za kichwa bapa, zenye baruti kidogo, ambazo wawindaji huziita chakula cha watoto. "Haziniumizi," alisema, "na tundu lake kwenye karatasi ni safi, kama limekatwa na kikatio cha biskuti." Royce alipokuja siku mbili baadaye, alinunua zenye kichwa cha mviringo na baruti ya kumwangusha dubu. Nilimuuzia. Biashara ni biashara.

Thelma akalipaka lile tundu korofi alama ya rangi ya kucha, nyekundu, asije akasahau, na akafanya mazoezi mpaka theluji ikayeyuka.

Jumamosi ya Mei ilikuja na ukungu. Nilisimama nyuma ya mstari na wenzangu. Thelma alifungua kipipa, akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Jana yake, kwa kuipenda, alikuwa ameisafisha rivolva kwa ile dawa yangu kali ya kusafishia silaha. Dawa inayong'oa masizi ya baruti haiwezi kuiachia rangi ya kucha. Alama haikuwepo. Matundu yote sita yaling'aa sawasawa, kama mabibi harusi sita.

"Pakieni!" Verlin aliita.

Ikambidi abahatishe. Alipakia matano, akaacha moja, akaanza. Zamu ya kwanza hupigwa taratibu, na kila mpigaji huchungulia kwa darubini risasi yake ilipotua. Ya kwanza, kumi. Ya pili, mkono ukamcheza kidogo, nane. Ya tatu, kumi. Ya nne niliiona mimi mwenyewe akiipiga, mkono umetulia tuli, nayo ikatoka nje kabisa ya weusi wa shabaha. Ya tano, kumi.

"Nilisema mimi!" Verlin aliinua macho kutoka kwenye darubini yake. "Mkono huo, shemeji! Tena bila kahawa!"

Hapo nikaogopa. Kwa maana nani angejua? Pengine ilikuwa tundu, pengine ilikuwa kiganja kweli, na tundu korofi ndilo lile alilobahatika kuliacha tupu. Akikosea sasa, ataliacha tundu zuri na kuendelea kulipiga baya mpaka mwisho. Thelma alisimama akiutazama mkono wake wa kulia. Kisha akageuka nyuma.

"Irma, una rangi ya mdomo?"

Watu wakaangua kicheko. "Anajipamba!" alisema Royce. "Bibi ameshakata tamaa, sasa anataka picha!"

Nilimpa. Akahesabu kutoka pale alipoanzia, akalifikia tundu la risasi ya nne, akalipaka rangi yangu ya mdomo, akanirudishia.

"Ile ya pili ilikuwa ni mimi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ile ya nne sikuwa mimi. Mkono wangu naujua."

Akapakia matano, akaliacha lile jekundu.

Nisikuchoshe. Tangu hapo hakuna risasi iliyokwenda porini. Zamu za taratibu zikaisha, zikaja za haraka, kisha za haraka zaidi, na ile rivolva iliyokataliwa ikawa inaimba. Royce, aliyekuwa mbele kwa mbali, alianza kuyumba kila zile risasi zake za dubu zilipomrusha bega, na kila nilipochungulia, pengo lilikuwa limepungua. Karatasi za mwisho zilipoletwa mezani ukumbini, hesabu ilibaki kwenye tundu moja la karatasi ya Thelma, lililokaa kwenye mstari wa kumi. Likigusa mstari linahesabiwa kumi, na kiti ni chake. Likiwa tisa, ni cha Royce.

Verlin aliinama na kioo cha kukuzia. Akainama tena. Lingekuwa tundu la risasi ya mviringo, karatasi ingechanika ovyo na wangebishana mpaka Krismasi. Hili lilikuwa duara safi, na ukingo wake uliuma mstari waziwazi, hata mimi niliuona bila kioo.

Mtu huyo simpendi, lakini hasemi uongo mezani. "Kumi," alisema.

Nilipiga kelele mpaka nikaaibika. Thelma hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, wazi, mbele ya kila mtu, na machozi yakamtoka akicheka.

"Haya," Verlin alisema akikuna shingo, "sasa Juni nani atatupikia?"

"Wewe, nahodha. Aproni iko nyuma ya mlango. Anza na kahawa yangu."

Verlin akachukua birika, akaja, akammiminia huku watu wote wakimtazama mkono, na nusu ya kahawa ikaenda mezani.

"Usijali, shemeji," Thelma alisema, akainua kikombe chake bila kumwaga hata tone. "Mkono umestaafu tu."