Kufuata Mlo

Mama Sabina alihamia kwa mwanawe Longino, mjini Pasiansi, baada ya kuugua sukari. Kwake kijijini Muleba alikuwa na migomba yake, kahawa kidogo na jumuiya ya kusali nayo. Hakuwa mtu wa kwenda kugonga milango ya watu. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na Longino alisisitiza, akaja.

Kwa mkwewe Annet aliishi kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyodekiwa sasa hivi. Annet hakuwa na neno baya hata moja, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Mtu asiyesema, utajuaje anawaza nini?

Siku moja alikuwa uani akichambua dagaa, akasikia sauti ya mwanamke mgeni sebuleni.

"Tunafanya utafiti kwa wagonjwa wa sukari," mgeni alisema. "Tunapima wanafuata mlo kwa kiasi gani. Kesho nitakuja kumhoji mwenyewe. Ila mama mkwe wako vipi, anafuata mlo?"

Annet akacheka. "Mama? Huyo kwa kufuata mlo humwezi!"

Mikono ya Mama Sabina ikasimama juu ya dagaa. Kufuata mlo! Mtu akikukuta mlangoni saa ya chakula akakuuliza umefuata nini, jibu analijua. Anataka tu uone haya. Kumbe ndivyo anavyosemwa humu ndani, tena mbele ya wageni.

Tangu hapo kila kitu kikawa na maana yake. Annet akimpakulia mchicha mwingi na ndizi chache, anampunja. Akiuliza, "Mama, umeshiba?" anahesabu. Akifunika sufuria, anaficha. Jioni Mama Sabina alisali rozari sikio likiwa jikoni. Akamwomba Mungu amwondolee mawazo mabaya, na kama si mawazo mabaya, basi amwonyeshe ukweli.

Usiku akala vijiko viwili, akasema ameshiba. Asubuhi akameza dawa, chai akaikataa.

Mgeni akaja, binti mwenye hijabu aitwaye Najat, na bakuli la plastiki la kupimia chakula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba uniambie, jana ulikula nini?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nini, bibi? Tuseme ndizi. Zingejaa bakuli hili?"

"Kwani zimepungua jikoni?"

Najat akatabasamu. "Bibi, mbona kama niko mahakamani?"

"Anayehoji ni wewe, mwanangu."

"Haya, na leo umekula nini?"

"Sijala. Nimemeza dawa tu."

Alitaka kuinuka ayakatishe mazungumzo, miguu ikakataa. Jasho likamtoka, mikono ikamtetemeka. Annet alikuja mbio na chai, akakoroga sukari, akamshika kichwa akamnywesha. Mama Sabina alipopata nguvu alimkuta Annet analia.

"Mama, dawa bila chakula inashusha sukari, itakuua! Nimekukosea nini?"

"Ulimwambia huyu nimefuata mlo hapa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikufuata mlo, Annet. Nilimfuata mwanangu."

Najat akajishika mdomo. "Kufuata mlo" kwake lilikuwa neno la ofisini, na sasa ndipo aliposikia linavyosikika uani. "Bibi, kosa ni langu. Kufuata mlo ni kula kama daktari alivyoelekeza. Mkweo alikuwa anakusifu."

Annet akaitikia kwa kichwa. Mama Sabina akamtazama huyu, akamtazama yule. Watu wawili kukubaliana haraka hivyo! "Mtu anasifu kwa kucheka?"

"Nilicheka kwa sababu ya sherehe ya komunyo ya mtoto wa jirani yetu Prudencia," Annet alisema, akifuta machozi kwa kanga. "Paroko anakupa keki, wewe unamwambia 'Padri, hapana.' Nani anamkatalia Paroko?"

"Keki yenyewe ilikuwa kavu."

Najat alishindwa kujizuia, akacheka. Annet akaleta sahani ya ndizi, maharage na mchicha, akakaa chini mkekani kando yake.

Mama Sabina akaichungulia sahani. "Niongeze ndizi," akasema, macho yake usoni kwa Annet.

Annet akasita. Akamtazama Najat, kisha mama mkwe wake. "Hapana, mama. Kwa mlo wa daktari, hizo zinakutosha."

Mama Sabina aliendelea kumwangalia, na Annet hakuinamisha uso. Ndipo mama akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula.